Anti, wifi yangu ana saluni, na mle ndani wanachoma sindano za nywele

Shikamoo Anti,

Naandika nikiwa Sakina, hapa Arusha. Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili na huyu wa mwisho ana miezi sita, bado ananyonya. Usitaje jina langu tafadhali, jambo lenyewe limeshaingia kwenye ukoo wa mume wangu.

Shida yangu ni nywele. Nimesuka tangu niko shule ya msingi, rasta za kukaza mpaka macho yanavutwa, na miaka hii ya karibuni nimekuwa mtu wa wivingi. Nywele za mbele na za pembeni zimerudi nyuma, paji limekuwa uwanja. Hayo nilikuwa nayaficha kwa kilemba. Lakini mtoto alipofika miezi mitatu zikaanza kutoka kwa mafungu, nikioga tundu la maji linaziba. Na utosini kuna sehemu kama kifuniko cha soda, inawasha, wakati mwingine inachoma kama nimepaka pilipili, na ngozi yake inang'aa.

Wifi yangu ana saluni Ngarenaro. Akaniambia kuna daktari anakuja kila mwisho wa mwezi, kijana mstaarabu, koti jeupe, ana kibegi cha barafu. Tiba ni awamu tatu, kila moja laki na nusu, ila mimi kama wifi nilipe laki tatu na nusu kwa zote. Nikatoa mgao wangu wa kikoba nikamtumia wifi kwa simu. Mume wangu hajui.

Siku yenyewe tulikuwa wanawake watatu, tumekaa nyuma pale pa kuoshea nywele. Akatutoa damu mkononi mmoja mmoja, akaweka chupa zote kwenye kimashine kinachozunguka. Chupa hazikuwa na majina, alisema anakumbuka kwa mpangilio tuliokaa. Akatuchoma ganzi kwanza. Mimi masikio yalivuma na ulimi ukawa mzito, akasema presha imeshuka, wakaniletea soda. Halafu akavuta yale maji ya njano ya damu, akachanganya na dawa ya kichupa chenye maandishi ya Kikorea, akaanza kunichoma kichwani, sindano nyingi sana Anti, sikuhesabu. Alikuwa msafi, kila akihamia kwa mtu mwingine anabadilisha ncha ya sindano, lile bomba tu ndilo alikuwa anaendelea nalo.

Leo ni siku ya nane. Juu ya sikio la kulia nina uvimbe kama harage, una joto na unauma nikilala. Wifi anasema ndiyo dawa inafanya kazi, nipake mafuta ya nazi ya moto. Na kweli rafiki yake alifanya hivi hivi baada ya kujifungua, nywele zimerudi zote, picha nimeziona kwa macho yangu.

Awamu ya pili ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Niende? Nikiacha, hela yangu naidaije bila kuvunja undugu? Na kunyonyesha, je, kuna shida?

Wako,
Mama wa Sakina

—

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako niliipata Jumapili usiku nikakujibu kwa ujumbe kabla sijalala, maana kuna mambo ndani yake yasiyoweza kungoja zamu ya safu. Haya ya leo ni marefu zaidi, na nayaandika pia kwa ajili ya wale wanawake wawili waliokaa na wewe pale nyuma. Huenda mmoja wao anasoma.

Awamu ya pili usiende. Hilo tumemaliza. Uvimbe nitaufikia, na hela nitaifikia. Lakini kabla ya kuandika safu hii nilikuwa muuguzi, na kilichonifanya nirudie barua yako mara ya pili ni jambo ulilolipitia haraka kana kwamba si kitu: chupa tatu za damu zisizo na majina ndani ya mashine moja, na bomba moja kwa vichwa vitatu. Wewe ukaandika kwamba "alikuwa msafi".

Nikueleze tiba hiyo ilivyo inapofanywa na mtu anayeijua. Unatolewa damu yako mwenyewe, inazungushwa kwa kasi, chembe nyekundu zinazama chini na maji ya njano yenye chembe sahani, zile za kugandisha damu, yanabaki juu. Hayo ndiyo unayorudishiwa kwenye ngozi ya kichwa. Usalama wake wote umesimama juu ya neno moja: yako. Chupa ikitoka mkononi mwako bila jina, hakuna tena mtu wa kuapa kwamba iliyorudi ni ya kwako. Kukumbuka kwa mpangilio wa viti! Hospitalini damu huandikwa jina na namba mbele ya mgonjwa mwenyewe, na bado watu hurudia kuhakiki wawili wawili.

Hili si la kubuni. Mwaka 2018 huko New Mexico, Marekani, saluni moja ya urembo iliyokuwa ikifanya kazi bila leseni ilifungwa baada ya mteja kukutwa na VVU bila njia nyingine ya kueleza ameupata wapi. Walikuwa wakifanya kazi ya aina hii hii ya kuzungusha damu ya mteja na kumrudishia, ila wao waliirudisha usoni. Wakaguzi walikuta chupa za damu zisizo na majina kwenye meza ya jikoni, na nyingine kwenye friji pamoja na chakula. Taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitoa ripoti yake mwaka 2024: wateja kadhaa wa mahali pale walikuwa na virusi vinavyofanana sana, kiasi cha kuonyesha vilipita palepale. Mwenye saluni alikwishahukumiwa kifungo.

Sasa hilo bomba. Watu wengi wanaamini ukibadilisha ncha umemaliza, na hata wahudumu wengine wa zamani waliamini hivyo. Sivyo. Unapochoma na kuachia, damu kidogo sana isiyoonekana kwa macho hurudi nyuma na kuingia ndani ya bomba. Ncha mpya ikiwekwa, iliyobaki ndani inaenda kwa mtu wa pili. Na bomba hilo likirudi kwenye kile kichupa cha Kikorea kuvuta dawa tena, kichupa chote kimeshachafuka. Kwa hiyo hata kama kijana alikumbuka viti vyote vizuri, mlichangia kichupa. Kirusi cha homa ya ini B ndicho kigumu kuliko vyote hapa, kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 na zaidi kwenye meza au mashine iliyokauka. Watoto wetu sasa wanakingwa nacho kwenye ile chanjo ya penta kliniki. Wewe wa miaka 34 ulizaliwa kabla haijaingia kwenye ratiba.

Kwa hiyo nilichokuandikia usiku ule narudia: nenda kapime VVU, homa ya ini B na homa ya ini C. Kipimo cha sasa hakitakuambia kama umeambukizwa siku ile, kitakuambia ulikuwaje kabla. Kitakachotoa jibu ni cha kurudia, na kwa vile vipimo vya haraka vya VVU tunavyotumia hesabu miezi mitatu tangu siku ya sindano. Homa ya ini inaweza kuchelewa mpaka miezi sita. Ukikutwa huna homa ya ini B, omba uanzishiwe chanjo hapohapo. Na sema wazi kwamba unanyonyesha, kwa sababu mama anayepata VVU akiwa ananyonyesha huwa na virusi vingi mno mwilini wiki za mwanzo, na mtoto huwa kwenye hatari kubwa kuliko ya mama aliye kwenye dawa. Uliza kama unaweza kufanyiwa kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe, hicho huona mapema zaidi. Usimwachishe mtoto kwa woga wako mwenyewe kabla hujazungumza na watu wa kliniki ya mama na mtoto. Wao ndio watakaokuelekeza, na huduma hiyo ya VVU hailipiwi.

Na wewe msomaji mwingine, kama ulichomwa jana au juzi kwa namna hii, usingoje kujibiwa na mtu yeyote. Zipo dawa za kinga, hospitalini wanaziita PEP, zinazozuia VVU zikianzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi. Kwa Mama wa Sakina muda huo ulishapita kabla hajaandika, na sijui kama kuna aliyemwambia kijana huyo kwamba muda kama huo upo.

Hapa lazima tumwingize mume. Najua, hela ya kikoba, na saluni ni ya dada yake. Lakini mpaka majibu ya miezi mitatu yatoke, mnapaswa kutumia kondomu, na hakuna mke anayeweza kuleta kondomu ghafla ndani ya nyumba yenye mtoto wa miezi sita bila kuulizwa maswali. Mweleze kama ulivyonieleza mimi. Anza na chupa za damu, hela ije baadaye. Akipandisha hasira kwa ajili ya laki tatu na nusu, mwache zishuke, kisha rudi kwenye chupa.

Haya, uvimbe. Wenye joto, wenye maumivu, siku ya nane: huo uchukulie ni jipu mpaka daktari aseme vinginevyo. Mafuta ya moto hapana, na usiuminye. Ngozi ya kichwa ina mishipa midogo inayopita kwenye fuvu kwenda ndani, na uchafu unaominywa juu unaweza kupata njia ya chini. Usinunue Ampiclox dukani ukameza siku tatu ukaacha. Nenda hospitali ya Mount Meru au kituo chochote chenye daktari, apasue kama kuna haja na usaha upelekwe maabara ukaoteshwe. Nasisitiza maabara kwa sababu kuna kundi la bakteria, ndugu wa mbali wa wale wa kifua kikuu, wanaopenda maji na vifaa visivyochemshwa. Wanafahamika sana kwa kuingia kwenye sindano za urembo. Uvimbe wao unaweza kutokea wiki kadhaa baadaye, mmoja baada ya mwingine, dawa za kawaida haziwagusi, na tiba yake ni miezi. Kwa hiyo hata huu ukipona, kichwa chako kiangalie mpaka miezi mitatu minne ipite. Homa, uvimbe kushuka kuelekea jicho, kichwa kuuma kusiko kwa kawaida au shingo kukakamaa: hapo ni kwenda hospitali usiku huohuo.

Ile soda uliyoletewa imeniuma. Masikio kuvuma na ulimi kuwa mzito baada ya ganzi si presha kushuka. Hizo ni dalili za mwanzo za ganzi kuingia kwenye damu kwa wingi, ama kwa kuzidishiwa au kwa kuchomwa ndani ya mshipa. Ngozi ya kichwa imejaa mishipa. Hatua inayofuata huwa degedege, na baada ya hapo moyo. Kijana mwenye kibegi cha barafu angefanya nini pale kwenye masinki? Oksijeni ipo? Adrenalini ipo, kama mmoja wenu angepata mzio mkali? Wewe ulipona kwa sababu dozi iliishia pale ilipoishia.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa saluni. Mishipa inayolisha paji na sehemu ya mbele ya kichwa imeungana na mshipa unaolisha jicho. Ukichoma mshipa bila kujua na kusukuma kwa nguvu, kilichomo kinaweza kurudi nyuma mpaka kwenye jicho na kuziba. Madaktari wameandika katika majarida yao juu ya watu waliopoteza uwezo wa kuona baada ya kuchomwa usoni au kichwani, iwe steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) zenye chembechembe, vijazio vya ngozi, hata hiyo damu iliyozungushwa. Ni nadra, sitaki kukutisha zaidi ya inavyostahili. Lakini retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, haivumilii kukaa bila damu, likitokea una saa chache tu, na mtu wa kwanza kujua ni tatizo gani anapaswa kuwa yule aliyeshika sindano.

Kile kichupa ndicho kinachonikera zaidi, kwa sababu humo kunaweza kuwa na chochote. Vichupa vya nywele vya aina hiyo huwa vina vitamini, wakati mwingine minoksidili ambayo ni dawa ya kuotesha nywele, wakati mwingine dutasteride. Hii ya mwisho ni dawa ya wanaume wenye tezi dume iliyovimba. Mwanamke anayeweza kushika mimba hata kuigusa anakatazwa kwa sababu ya mtoto wa kiume tumboni, na mwanaume anayeitumia haruhusiwi kutoa damu mpaka miezi 6 ipite baada ya dozi ya mwisho, ndivyo inavyokaa mwilini. Nawe unanyonyesha. Vingine siku hizi vinaitwa eksosomu, yaani vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la umma juu yake Desemba 2019 baada ya wagonjwa kudhurika, na ikasema haijaidhinisha hata bidhaa moja ya aina hiyo. Kuna vichupa ambavyo huko vilikotoka ni vipodozi vya kupaka juu ya ngozi, basi, na havikutengenezwa kwa usafi wa dawa ya sindano. Omba wifi akupigie picha ya kichupa pande zote, hata kilichoisha. Daktari ataihitaji. Kama kilikuwa na biotini, ile vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele, sema kabla hujapimwa damu ya tezi la shingo: biotini nyingi huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, hata kile cha mshtuko wa moyo, na FDA ililionya hilo tangu 2017.

Sasa rafiki wa wifi na picha zake. Siziiti za uongo. Wanawake wengi nywele huwatoka kwa mafungu miezi miwili mpaka minne baada ya kujifungua, kwa sababu zile ambazo mimba ilizizuia zisidondoke zinadondoka zote kwa pamoja. Kisha zinarudi zenyewe, kwa kawaida ndani ya mwaka, umepaka kitu au hukupaka. Ukimchoma mama wa aina hiyo hata maji, baada ya miezi sita utapata picha nzuri ya kubandika ukutani. Ndiyo maana biashara hii inawapenda sana wazazi wapya.

Na hiyo ndiyo hoja yangu kubwa kwako. Katika barua yako mimi nimesoma mambo matatu tofauti juu ya kichwa kimoja, na kijana hakuuliza hata moja. Kumwagika kwa sasa kuna sura ya uzazi. Za mbele na pembeni zina sura ya kuvutwa na misuko miaka yote hiyo. Zikiwahiwa kwa kuachiwa zipumzike zinaweza kurudi, zikicheleweshwa mzizi unakufa na hakuna sindano ya kuufufua. Lakini la utosini, linalowasha na kuchoma na kung'aa, ndilo ninaloliogopa. Wanawake weusi tuna ugonjwa unaoanzia hapohapo utosini na kuenea duara kwenda nje, ukiacha kovu linaloziba matundu ya nywele. Unatambuliwa vizuri kwa kukata kipande kidogo cha ngozi na kukiangalia kwa darubini, na una dawa za kuuzuia usiendelee. Kila mwezi unaopotezwa kwenye masinki ya saluni, duara linaongezeka. Pengine sio wenyewe. Inaweza kuwa fangasi, au kitu kingine kabisa, au ukapimwa damu ikaonekana ni madini ya chuma yaliyopungua baada ya uzazi. Simwagi tiba kwenye gazeti. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyekuangalia.

Nisije nikaeleweka vibaya: zipo sindano za kichwani zenye kazi halali. Mtu aliyepata mabaka ya ghafla, yale mviringo laini ambapo kinga ya mwili inashambulia nywele, daktari wa ngozi humchoma steroidi kidogo kidogo mahali penyewe, na ni tiba ya miaka mingi. Hata hiyo ina gharama zake, ngozi inaweza kubonyea au kupauka, na ndiyo maana dozi yake hupimwa kwa uangalifu na kuachwa nafasi ya wiki kadhaa. Ile ya damu iliyozungushwa nayo inafanywa na wataalamu, hasa kwa upara wa kurithi, ingawa kila kliniki inaitengeneza kwa namna yake na matokeo ya tafiti yanapishana. Kwa kovu la utosini, sio mlango wa kwanza wa kubisha.

Wifi. Mimi nadhani hajui alichoingiza saluni kwake, na nadhani anapata chake kwa kila kichwa. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Nenda mwenyewe, usimtume kaka yake, mwanaume akitangulia itakuwa kesi ya familia kabla haijawa ya afya. Nenda siku ya kazi asubuhi, wateja hawajajaa, umsalimie kama siku zote. Mwambie una jipu, umepelekwa kupima kwa ajili ya zile chupa, na unahitaji awapigie wale wawili nao wakapime. Usimwombe ruhusa ya hilo, mwombe namba zao kama yeye anaona haya. Kisha mwambie Jumamosi ya mwisho wa mwezi asimfungulie mlango yule kijana. Daktari wa kweli jina lake lipo kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na kama ni muuguzi wana baraza lao pia. Jina moja la kwanza na koti jeupe havitoshi. Hata hivyo angekuwa daktari bingwa, masinki ya kuoshea nywele hayageuki chumba cha sindano.

Hela ya awamu mbili zilizobaki ni halali yako kudai. Ulimtumia wifi kwa simu, meseji ya muamala unayo, usiifute. Omba irudi kidogo kidogo kama ameshaipeleka. Ila kama itabidi kuchagua kati ya hela na zile namba mbili za simu, chagua namba. Na wifi akikataa kumfungia mlango, utakuwa huna budi kutoa taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya, na juu ya kichupa kwa TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, ofisi yao ya kanda ya kaskazini ipo hapo hapo Arusha. Utaitwa majina. Mimi ningetoa taarifa.

Jipu likishatulia, panda gari uende Moshi. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachofundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Ndipo pia wanapotengeneza mafuta ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino, na wengi wetu tunapita nje ya geti bila kujua. Ni kilomita themanini hivi kutoka kwako, watu wanasafiri kutoka nchi nyingine kuja. Kama unatumia bima, shughulikia barua ya rufaa Arusha kwanza usije ukarudishwa dirishani. Fumua wivingi siku chache kabla, usiweke dawa ya kulainisha, na usinyoe hata kama mama mkwe atasema nywele zikinyolewa huota upya, kwa sababu daktari anataka kuona zilivyo. Chukua picha zako za simu za kabla ya ujauzito, zile ulizopigwa bila kilemba, karatasi za vipimo na picha ya kichupa. Mtoto mbebe, foleni inaweza kuwa ndefu.